Bibi wa Mkaa

Jumanne ile jenereta ya hospitali ilipozimika kwa kukosa mafuta, Mzee Hoza alimpoteza mkewe, na tangu hapo hajamsamehe mkubwa yeyote wa hospitali ile.

Leo mjukuu wake, Tunu, alimburuta hadi banda la video. Kwenye filamu, baba mmoja, mtu kamili wa nyama na damu, alikuwa akinywa chai na bata wa katuni. Mara bata akakanyagwa na lori, akawa bapa kama chapati. Akajipuliza, akasimama, akadai kikombe chake. Banda zima likacheka.

“Hospitali ya bata ina mafuta,” Mzee Hoza akanung'unika.

Walipofika nyumbani, Tunu alichukua mkaa jikoni akamchora bibi ukutani, kando ya kigoda cha babu: kanga, miwani, mkono umenyooshwa.

“Kaa hapa, babu. Kama kwenye filamu.”

“We mtoto, ukuta wangu huo!”

Lakini alikaa. Akasogeza kikombe chake cha chai taratibu, mpaka kikagusa ule mkono wa mkaa.

“Babu,” Tunu akauliza, “wa kuchorwa hawafi. Sasa mbona wale wakubwa hawakumchora bibi mapema?”