Mlio wa Chuma

Baba aliining'iniza kwa kamba krankshafti, mhimili unaozunguka ndani ya injini, aliyoitoa kwenye lori lililopinduka, akaigonga kwa nyundo. Ilikuwa iingie kwenye injini ya lori la kaka, tuliyokuwa tunaifungia turbo kubwa ya kuiongezea nguvu, ili apandishe mlimani mzigo mara mbili.

Chuma kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hukata sauti, na hiki kilikata.

"Umesikia inavyoimba?" baba alitabasamu. Kelele za injini zilishamaliza masikio yake, na nyumbani hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Bubu, mbona umenuna?" kaka alinitania kwa uchache wa maneno yangu, akichezea funguo za lori. "Kesho nakupakia juu ya mzigo."

Baba alianza kufungua kamba.

Nilimshika mkono. Alinitazama midomo, kama anavyowatazama watu wote siku hizi.

"Baba," nilisema, "husikii."