Picha Mbichi za Mzee Shomvi

Haya alinisimulia jirani yangu Mwanakheri, mjane wa Mzee Shomvi, juzi, tukichambua mchicha. Siku hizi sheria inaruhusu picha za marehemu zihifadhiwe kwa namna moja tu kati ya mbili: mbichi, kama kamera ilivyozinasa, au zilizopikwa, yaani kusafishwa na kurembwa na mashine.

"Mama, chukua zilizopikwa," bintiye alimsihi kwenye simu. "Mbichi zitakuja kukosa kifunguzi, programu ya kuzifungua itapitwa na wakati."

"Na kovu la baba yako kidevuni?"

"Mashine italiona doa, italifuta."

"Basi sizitaki. Nikae na mwanamume nisiyemjua?"

Akachagua mbichi. Mwezi uliopita kioo alichohifadhia picha hizo kiliandika kwamba picha zipo, ila hazifunguki tena. Kila usiku Mwanakheri hukilaza, cheusi hivyo hivyo, kwenye mto wa Shomvi, akakisimulia nani kaolewa, nani kahama, mpaka usingizi umchukue.