Kikohozi cha Dakika ya Saba

Kikohozi kilifika dakika ya saba, kama kawaida, na watu wote sebuleni kwa Gernot Pawlik wakaguna kwa pamoja.

"Huyo hapo, Bwana Kifua," alisema Gernot. "Miaka arobaini na moja, na bado hajapona."

Wakacheka. Ottokar Prihoda naye akacheka, akaihamisha pipi ya mnanaa kutoka shavu moja hadi jingine, na moyoni akatamani ardhi ipasuke immeze. Bwana Kifua alikuwa ni yeye.

Kila Jumamosi alasiri mashabiki hawa sita walipanda ngazi za Gernot, pale Vienna, santuri zao makwapani. Gernot aliificha gramafoni nyuma ya pazia, akapiga simfoni ileile mara tatu au nne, kila mara kwa okestra nyingine, nao wakaandika kwenye vikaratasi ni nani aliyepiga na nani aliyeharibu. Ukiwaachia, watu hawa watabishana juu ya pumzi moja ya mpiga filimbi mpaka kahawa ipoe. Lakini santuri hii haikuwa ya kubahatisha. Maestro Hallwachs aliongoza okestra katika simfoni hiyo jioni moja ya Februari, redio ikarekodi, na siku kumi na moja baadaye mzee akafa. Sehemu ile ya polepole hakuna aliyewahi kuipiga vile tena. Na palepale fidla zinaponyamaza, kabla filimbi haijaingia, mtu fulani ukumbini alikohoa: viwili vifupi, kimoja kirefu.

Ottokar wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Mama yake alimwambia abaki kitandani. Alijua kabisa ana kifua, na bado alikwenda, na hilo ndilo lililomtafuna miaka yote. Tangu jioni ile hakuwahi kukohoa mbele ya mtu apendaye muziki. Hapa kwa Gernot hakuigusa keki ya mbegu za mpopi, maana chembe zake huwasha koo. Kikimbana sana, alitoka mbio hadi ngazini na kuufunga mlango nyuma yake. Wenzake walidhani anavuta sigara.

"Sasa tulieni," alisema Gernot, akainua sidii mpya inayong'aa. "Wameisafisha. Mafundi wamekaa nayo miezi mitatu. Sikilizeni wenyewe."

Dakika ya saba ikafika. Fidla zikanyamaza. Kimya kikatanda, kizima, bila doa, kisha filimbi ikaingia taratibu.

Watu wakapiga makofi. Ottokar alijikuta macho yamelowa. Kosa lake limefutwa, halipo tena duniani. Leo angeweza kusema, aombe radhi, wamcheke mara ya mwisho, yaishe.

"Jamani," alianza, "kuna jambo nataka kuwaambia."

"Ngoja kwanza, Ottokar, tumzike Bwana Kifua. Hii santuri ya zamani naitoa bure. Nani anaitaka?"

"Mimi," alisema Bibi Notburga.

Bibi Notburga alikuwa na miaka sita katika kundi lao, na katika hiyo miaka sita hakuwa amesema maneno mengi. Alikaa kiti kilicho karibu zaidi na gramafoni, na kila ilipofika dakika ya saba alifumba macho. Ottokar alikuwa akimwangalia na kuona aibu, akiamini kikohozi chake kinamchoma mama wa watu.

"Nyie chekeni tu," alisema. "Anayekohoa hapo ni mume wangu, Emmerich. Alikwenda peke yake, mimi nilishikwa na homa. Kifua chake kilikuwa hivyohivyo, na mwaka haukuisha kikamuua. Kinasa sauti nani alikuwa nacho siku zile? Sauti yake sina nyingine. Nilijiunga nanyi kwa ajili ya hiyo tu."

Hakuna aliyegusa kikombe. Gernot aliiva uso mpaka masikioni.

"Utusamehe, bibi," alisema. "Tungejua tusingethubutu." Kisha, kwa kuwa alitaka mtu yeyote aseme neno lolote, akamgeukia Ottokar. "Haya, ulikuwa unataka kusema nini?"

Ottokar aliimeza pipi yake nzima. Akisema kweli, atamfisha yule mwanamume mara ya pili, na mbele ya mkewe. Aliyoyafanya jioni ile yalimtosha.

"Nilitaka kusema kwamba jioni ile nilikuwepo," alisema. "Nilikaa kando ya bwana mmoja, kando yake kabisa. Ndiye aliyekohoa. Alijizuia sana, maskini. Alijiziba na leso. Kilimshinda tu."

"Na ukatuacha tumcheke miaka yote hii?" aliuliza Gernot.

"Niliona haya."

Hilo angalau lilikuwa kweli. Gernot alimpigapiga begani, mwingine akamjazia kahawa, na Ottokar akahisi kifua kimemfunguka.

Bibi Notburga alisogeza kikombe chake kando. Kisha akafungua pochi yake, akatoa tiketi kuukuu iliyogeuka rangi ya njano, akaiweka mezani mbele ya Ottokar. Ilikuwa nzima, haijachanwa.

"Emmerich alikaa kando ya ukuta, safu ya nne, kiti cha kwanza," alisema polepole. "Kando yake kulikuwa na kiti kimoja tu. Hii ndiyo tiketi ya kiti hicho. Nilibaki nayo nyumbani, na kiti kikabaki kitupu."

Akausogeza uso wake karibu naye, akafumba macho.

"Hebu kohoa, Bwana Ottokar. Nikusikie."