Mwokaji wa Meli Mama

Nunu, aliyeajiriwa kumtunza mzee, alikuwa akimlisha supu, mzee akamshika mkono. "Nyambizi imerudi?"

Ndilo swali lake la kila alasiri. Ujanani, wakati wa vita, alioka mikate kwenye meli mama iliyozihudumia nyambizi. Moja iliondoka na mdogo wake, isionekane tena. Binti wa mzee, aliyemwajiri Nunu, alishamwonya: "Mwambie imerudi. Ukweli utamuua."

Kwa hiyo Nunu husema imerudi, na mzee hutabasamu na kula.

Leo hakutabasamu. Alikuwa amekamata kipande cha mkate, akikifinya mpaka makombo yakajaa kwenye blanketi.

"Mnanidanganya," alisema. "Kama imerudi, mbona mdogo wangu hajaja kuchukua mkate wake?"

Nje, gari la binti lilikuwa linaingia, likitokea barabara kuu. Kazi hii ndiyo iliyomweka Nunu mjini, na binti angemfukuza akijua amekaidi.

"Haijarudi, babu," akasema. "Wala haitarudi."

Mzee alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Akafumbua vidole polepole, akamsogezea ule mkate uliobondeka.

"Basi kula wewe, mwanangu."

Nunu akala, huku ufunguo wa binti ukizunguka mlangoni.