Kofi la Golkonda

Yadagiri alikuwa halisikii kofi tena, na kazi yake ilikuwa ni kulisikia.

Langoni mwa ngome ya kale ya Golkonda, mwenzake Ghouse hukusanya watalii, husimama katikati ya kuba na kupiga kofi moja. Sauti hupanda kilima chote, ngazi mia tatu na sitini, mpaka kileleni. Lazima kofi lipigwe pale pale katikati. Ukitoka hatua moja nje ya kuba, sauti haifiki hata nusu ya kilima. Ndivyo walivyojenga mafundi wa masultani, ili walinzi wapashane habari adui akija. Kileleni Yadagiri, naye akiwa na kundi lake, akilisikia hupepea kitambaa chekundu, na walio chini hushangilia. Hufanya hivyo kila nusu saa kwa saa ya mkononi, jua liwe kali au mawingu.

Miezi kumi na tisa sasa, kimya. Mwanzoni alilaumu upepo. Kisha akawalaumu watalii kwa makelele yao. Mwishowe akajilaumu mwenyewe. Ana miaka sitini na miwili.

Akajifunza hila. Ikifika dakika yenyewe, huinua kidole: "Nyamazeni... sasa!" Halafu huzitazama nyuso za watu. Siku zote hutokea mmoja wa kuitikia kwa kichwa. "Nimesikia!" Basi na wengine wote husikia, maana hakuna aliyelipa kiingilio akapanda kilima hicho kwa jasho, halafu akubali kuwa peke yake ndiye aliyekosa. Hapo Yadagiri hupepea kitambaa.

Kila jioni aliteremka akiuhesabu uongo wa siku hiyo.

Alikwenda kwa madaktari watatu. Wa kwanza alimwambia masikio yake ni mazima. Yadagiri akamwona bado mdogo. Wa pili akamwambia hivyo hivyo. Akamwona ana haraka. Wa tatu akampa matone, na huyo ndiye aliyemwamini.

"Kiziwi gani wewe," alisema mkewe Anasuya akimtia matone, "unayesikia nikifungua mkebe wa biskuti kule jikoni?"

"Mkebe uko karibu."

"Na jana ulimsikia dada yangu akikusengenya. Alikuwa barabarani!"

"Dada yako ana sauti ya tarumbeta. Tia matone, mwanamke."

Yadagiri hakumwambia Ghouse kitu. Jioni walikunywa chai pamoja karibu na lango, kama walivyofanya kwa miaka ishirini na sita, na Ghouse alilalamika peke yake kwa niaba ya wote wawili.

"Kaka, magoti yangu yamekwisha. Nikiinama kuswali, kuinuka ni kazi ya watu wawili. Wewe una bahati, wewe ni masikio tu. Masikio hayachoki."

Yadagiri alichovya biskuti kwenye chai, ikakatikia ndani.

Hivyo ndivyo walivyojuana, kwa chai. Wakati wa kazi hawakuonana. Yadagiri alipanda asubuhi mapema kabla mawe hayajaanza kuunguza, na alishuka watalii wote wakishaondoka. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuliona kofi likipigwa.

Jumapili moja alikuja mwalimu mstaafu, mwanamke kutoka mji wa Warangal, sari imefungwa kwa mkono wa mtu asiyependa upuuzi. Wenzake walipopaza sauti kwamba wamesikia, yeye alinyamaza. Kisha akamsogelea Yadagiri, akamuuliza taratibu:

"Na wewe mwenyewe, baba, unasikia?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Kama ninavyousikia moyo wangu, mama," alijibu.

Yule mwanamke akamtazama kidogo, akaanza kushuka. Yadagiri akahisi amevuliwa nguo mbele za watu. Mlinzi asiyesikia ni mlinzi gani? Zamani mtu kama yeye angeiuza ngome nzima kwa adui bila kujua.

Jumatatu alikwenda ofisi ya chama cha waongoza watalii na kuweka beji mezani.

"Fikiri vizuri, mzee," katibu alimwambia. "Ukiirudisha hupewi tena. Kuna watu kumi na mmoja wanaisubiri."

"Mpe mwenye masikio."

Akapewa Bhaskar, bwana wa miaka thelathini na mitano ambaye, kwa mujibu wa katibu, angesikia paka akipiga mwayo. Bhaskar alipanda kilimani saa hiyo hiyo, kitambaa chekundu mfukoni.

Yadagiri hakuwa na pa kwenda. Akaenda langoni kumuaga Ghouse. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwarobaini, hatua ishirini kutoka kwenye kuba, watalii wamemzunguka.

"Lo! Mfalme ameshuka!" Ghouse alicheka. "Umefuata nini huku chini? Na juu umemwacha nani?"

"Kuna mtu. Ghouse, nina neno."

"Ngoja basi, dakika imefika." Ghouse akajikohoza, akawanyamazisha watalii, na pale pale alipokaa akapiga kofi moja.

Yadagiri alilisikia vizuri sana.

"Huendi chini ya kuba?"

"Kwa magoti haya?" Ghouse alijipapasa. "Mwaka wa pili huu napigia hapa hapa kivulini. Siku ya kwanza niliogopa, nikasema leo kaka atanisuta. Lakini kitambaa chako, wallahi, hakijawahi kuchelewa hata mara moja."

Kule kileleni kitambaa chekundu kilipepea, na watalii wakashangilia.

Madaktari watatu, miezi kumi na tisa ya uongo, beji moja, na ngazi mia tatu na sitini ambazo tangu asubuhi hiyo zilikuwa za mtu mwingine.