Ukurasa wa Tanzia

Katika mji ule, watu walipata habari za misiba kwenye ukurasa wa Tanzia wa tovuti ya baraza. Baba yake Mwanasha alizikwa na watu wachache, kwa kuwa mkurugenzi wa baraza aliifuta tanzia ya mzee huyo akaweka picha za sherehe yake mwenyewe ya siku ya kuzaliwa.

"Panga kurasa vizuri," mkurugenzi alimwagiza Mwanasha, msimamizi wa tovuti, wiki iliyofuata.

Mwanasha akazipanga. Alitafuta jina la bosi wake, akauhamisha ukurasa wake kutoka Viongozi kwenda Tanzia, akachapisha.

Kabla ya adhuhuri turubai lilikuwa limefungwa ng'ambo ya barabara.

"Mbona kuna msiba kwangu?" mkurugenzi aliuliza akichungulia dirisha la ofisi. "Nani kafa?"

"Pole sana, bosi. Nenda ukaangalie."

Mwanasha alipuliza chai yake, akimtazama anavyovuka barabara na waombolezaji wanavyomkimbia.