Radi Amesahau

Siku hizi mashabiki ndio huamua hadithi za mieleka, na wanalokubaliana mtandaoni, mwanamieleka huliishi hata nyumbani kwake. Walipobishana kuhusu Radi, bingwa aliyeangushwa kichwa chini, mkewe Zawena alipendekeza huko huko kwamba amepoteza kumbukumbu, ili mumewe apate kupumzika. Wote wakakubali.

Kesho yake Radi akabisha hodi mlangoni kwake mwenyewe.

“Samahani dada, nimeambiwa nakaa hapa.”

Zawena akacheka. “Acha utani, baba Tunu. Hapa hakuna kamera.”

Tunu akamrukia babake shingoni. Radi akamdaka kwa upole, akauliza, “Mtoto mzuri huyu ni wa nani?”

Zawena akafungua simu yake. Humo mashabiki walikwishaanza kubishana kama Radi aliwahi kuoa.